Maneno Niliyoyaandika kwa Jina la Mwingine

Devota mwanangu,

Ni saa kumi jioni, Jumapili, na wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Sanduku lako liko mlangoni. Mama yako amelifunga kwa kamba ya katani juu ya kufuli, kwa sababu haamini kufuli. Mambo ya blanketi, vidonge vya malaria na upande wa basi usiopigwa na jua mpaka Makambako amekwisha kukueleza, nami nilimsikia akirudia mara tatu. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu. Nimelichelewesha kwa miezi mingi, na kesho alfajiri utakuwa umeshapita Madaba kabla sijapata ujasiri wa kulisema kwa mdomo. Kwa hiyo naliandika. Kuandika ndiyo kazi ninayoijua, ingawa utaona kwamba hata kazi hiyo nimewahi kuifanya vibaya.

Unakumbuka mahafali yenu ya darasa la saba. Mwalimu alisimama mbele ya wazazi akasoma insha yako kuhusu mtu unayemheshimu kuliko wote. Ulikuwa umeandika kwamba baba yako ni karani mdogo asiye na cheo, lakini siku moja alisimama mbele ya wakubwa na kurudisha mashine ya kusaga kwa akina mama walionyang'anywa. Watu walipiga makofi na wengine wakageuka kunitazama. Mama yako, aliyekuwa ameketi kushoto kwangu, alipiga makofi kuliko wote. Mimi nilitabasamu, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, na sikusema neno.

Devota, insha yako ilikuwa nzuri sana. Lakini uliyemwandika siye.

Wewe ulikuwa darasa la pili wakati wa habari hiyo ya mashine, tukipanga chumba na sebule kule juu kabla hatujahamia Ruhuwiko. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na nilikuwa mwoga. Sisemi hivyo ili unihurumie. Ilikuwa miaka ya kupunguza wafanyakazi. Serikali ilikuwa inajiondoa kwenye mambo mengi, maduka ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila kona ya mji, na sisi wa maofisini tulikuwa tunasikiliza tetesi. Asubuhi moja mwenzangu niliyekaa naye meza moja alikuta jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Alilisoma, akarudi mezani, akamalizia barua aliyokuwa anaipiga chapa, akaitoa kwenye mashine na kuondoka. Tangu siku hiyo nilikuwa nafika ofisini kabla ya mfagizi. Sikuwa na ndugu mkubwa wa kunisemea. Nilikuwa na cheti cha kidato cha sita, mwandiko mzuri, na tabia ya kutomuudhi mtu.

Kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao vya kamati ya maendeleo ya kata. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kusoma mafaili ya zamani, na mafaili yale yalikuwa na desturi yake. Mwanamume akisema, unaandika jina lake na cheo chake. Mwanamke aliyealikwa akisema, unaandika "akina mama walichangia." Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Niliona ndiyo lugha ya ofisi, kama vile tunavyoandika "rejea barua yako" mwanzoni. Lakini nilikuwa na tabia nyingine. Kwenye daftari la mkono, pale kikaoni, niliandika kila kitu kama kilivyosemwa, pamoja na jina la aliyesema. Baadaye ndipo nilipokuwa nasafisha kwenye mashine ya chapa. Neno nililolitumia ni hilo hilo, kusafisha.

Siku moja kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu kilialikwa kueleza haja zao. Mama yako alikuwa mmoja wao, pamoja na Mama Zuhura, yule jirani mfanyabiashara aliyekuwa anakupa visheti. Wakati ule kusaga mahindi kulikuwa ni kwenda mpaka mjini na debe kichwani, kupanga foleni, na kurudi jua likiwa limezama. Kulikuwa na wafadhili waliokuwa tayari kutoa mashine mahali penye wazo zuri na watu wa kulisimamia. Mama yako akasimama. Alisema kikundi kina kiwanja nyuma ya zahanati, akina mama watafyatua tofali na kuzichoma wenyewe, na wawili kati yao wako tayari kwenda kujifunza kuendesha injini. Halafu akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwenye kikao chochote.

"Tunaomba iandikwe kwa jina la kikundi. Isiandikwe kwa niaba yetu. Tukiandikiwa kwa niaba, kesho hatutajua ni ya nani."

Mwenyekiti alikuwa mzee mcheshi. Alinigeukia, akasema, "Karani, leo mkeo anakupa kazi. Nyumbani huwa anakuachia nafasi ya kusema?"

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto.

Kesho yake ofisini nikakaa mbele ya mashine ya chapa na daftari limefunguliwa pembeni. Niliwaza kwamba nikiandika jina la mke wangu watasema karani anamtangaza mkewe. Niliwaza kwamba wakati wa kupunguza watu, mtu anayechekwa ndiye wa kwanza kukumbukwa. Nikaandika hivi, na nakumbuka kila neno: "Mwenyekiti alipendekeza kata ipatiwe mashine ya kusaga. Wajumbe waliafiki. Akina mama walishukuru."

Hawakuwa wameshukuru, Devota. Hakukuwa na chochote cha kushukuru wakati ule. Niliongeza mwenyewe kwa sababu sentensi ilikuwa inaonekana fupi.

Kwenye vikao, muhtasari wa kikao kilichopita husomwa na kuthibitishwa kabla ya mambo mengine. Ndiyo nafasi ya kusema hapa pamekosewa. Lakini akina mama hawakuwa wajumbe, hawakuitwa kikao kilichofuata, na waliokuwepo walikuwa na haraka. Mwenyekiti alitia saini, nami nikagonga muhuri.

Akina mama walifyatua tofali. Wewe mwenyewe ulikuwa unabeba maji kwa kopo. Mashine ilipofika, wafadhili waliomba kumbukumbu za kikao, wakasoma kwamba wazo ni la mwenyekiti na wajumbe, wakaikabidhi kwa kamati. Kamati ikaweka watu wake. Wale waliochoma tofali wakawa wanapanga foleni kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana. Siku ya kwanza mama yako alirudi na unga, akautua, akaniuliza kwa utulivu, "Baba Devota, kwenye karatasi uliandika nini?"

Nikamjibu kwamba niliandika kama ilivyosemwa.

Aliniamini. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko mengine yote. Baada ya siku chache nilimsikia uani akimwambia Mama Zuhura kwamba kosa litakuwa la wakubwa wa juu, maana mume wake haandiki uongo.

Miezi kadhaa baadaye ikaja semina ya jinsia. Neno lenyewe lilikuwa jipya mjini kwetu, na watu walilitamka kwa kulionjaonja. Mimi nilipelekwa kuandika kumbukumbu, mama yako na Mama Zuhura wakaalikwa kwa niaba ya kikundi. Mwezeshaji alikuwa mwanamke mtaratibu, mgeni wa mkoa mwingine, aliyebandika karatasi kubwa ukutani na kutuomba tuorodheshe kazi za siku ya mwanamume na za siku ya mwanamke. Upande wa wanawake karatasi ikajaa, ikabidi ibandikwe nyingine.

Mabishano yalikuwa makali, nami niliyapenda, ingawa niliinamia daftari langu. Mwalimu mmoja mstaafu alisema usawa huu umekuja na ndege kutoka Ulaya, na utaondoka na ndege. Mama yako akanyanyua mkono.

"Basi kwa akina mama yangu kule Tunduru ulifika kabla ya ndege, Mwalimu," akasema. "Mwanamume wa Kiyao ndiye anayekwenda kwa mke na mkeka wake kwapani. Akileta ukorofi, anaondoka na mkeka huo huo."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na mwalimu mwenyewe akacheka. Lakini mama yako hakuishia kwenye mzaha. Aliongeza kwamba hata huko si pepo, kwani nyumba ni ya mwanamke lakini wa kusema mbele ya watu ni mjomba. Alisema hataki kuchagua kati ya mila ya mama yake na mila ya baba yake, anataka kuziuliza zote mbili swali moja: anayefanya kazi anahesabiwa?

Mtu mwingine akasema sasa soko ni huria, wanawake wanauza mitumba na dagaa, wanawake wengine wana vibanda kuliko waume zao, kwa hiyo mambo yamekwisha kuwa sawa. Mama Zuhura akamjibu kwamba yeye amefunguliwa soko asubuhi, lakini jioni hakufungiwa jiko. "Nimepata kazi ya pili," alisema, "ile ya kwanza hakuna aliyekuja kuipokea." Pengine nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuliko wote mle ndani, na sikuwa nimewahi kusikia jambo hilo likisemwa wazi namna hiyo. Nilitazama nguo yangu iliyopigwa pasi, nikajaribu kukumbuka ni lini niliipiga mimi.

Mwisho wa siku mwezeshaji aliniomba nisome kumbukumbu. Nilisoma nilivyozoea: washiriki walisema, akina mama walichangia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Akina nani?"

Nikasema majina ninayo, yako kwenye daftari la mkono. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini mama yako alikuwa safu ya pili. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama, na nikajua kwamba ameshaelewa yote.

Nyumbani hakupiga kelele. Aliomba daftari la kikao cha mashine. Nililitoa kwenye sanduku la vitabu. Pia nilikuwa na nakala ya muhtasari, nikampa na hiyo, maana sikuona tena sababu ya kuificha. Alikaa kwenye kigoda akavisoma vyote viwili, akifuatisha mistari kwa kidole. Wewe ulikuwa unachora chini kwa mkaa karibu na miguu yake.

"Huku nimesema," akasema, akigusa daftari. Akagusa karatasi yenye muhuri. "Huku nimeshukuru."

Nikaanza kujieleza. Nilitaja orodha ya ukutani, nikataja kicheko cha siku ile. Alinisikiliza, na nadhani alinielewa, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile.

"Kikao kijacho nitakwenda kuomba hili lisahihishwe. Wewe sikuombi useme. Najua huwezi. Nakuomba wakikuuliza, usinikane."

Siku ilipofika, yeye na Mama Zuhura walisimama mlangoni mpaka wakaruhusiwa kuingia. Mama yako aliwasalimia wazee shikamoo, mmoja mmoja, bila kuruka hata yule aliyekuwa anajifanya anasoma. Mwenyekiti alimwambia muhtasari uliokwisha kutiwa saini haufunguliwi. Mama yako akamjibu kwa heshima kwamba haombi ufunguliwe, anaomba uwekwe karibu na huu mwingine. Akaweka daftari langu mezani. Hakutetemeka. Hakunitazama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na alisimama wima kama mtu aliyekuja kuchukua kitu alichokiacha.

Mwenyekiti akasoma kwa muda mrefu. Kisha akanigeuzia daftari. "Karani, huu ni mwandiko wako?"

Nataka ujue kilichonipita kichwani, kwa sababu kwenye insha yako uliandika kwamba baba hakusita. Nilisita. Niliwaza kusema kwamba mwandiko unafanana. Niliwaza kusema yalikuwa maandalizi tu. Niliiona karatasi ukutani na jina langu juu yake. Mama yako alikuwa bado hajanitazama, na nadhani ni kwa sababu hakutaka kunilazimisha hata kwa macho.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Basi. Hayo ndiyo maneno yangu yote siku ile. Sikusimama, Devota. Nilikuwa nimeketi, na kalamu ilikuwa imeanguka chini.

Mzee yule akavua miwani. Nilitegemea atakasirika. Badala yake alisema anayakumbuka maneno yale na sauti iliyoyasema. Alisema hata siku aliposoma muhtasari na kukuta wazo limeandikwa kwa jina lake alijua si lake, lakini alidhani karani anampa heshima, naye akaipokea. Aliyasema hayo kwa aibu, mbele ya kamati nzima, na mimi tangu siku hiyo nimemheshimu. Muhtasari ukasahihishwa. Barua ikaandikwa kwa wafadhili. Baada ya mvutano wa wiki kadhaa mashine ikakabidhiwa kikundi, na ndiyo ile unayoiona mpaka leo nyuma ya zahanati, na mama yako ni mmoja wa wale wawili wanaojua kuifungua injini na kuirudisha.

Lakini mtaani habari ilitembea kwa namna yake. Watu walisema karani ametoa daftari. Karani amewaumbua wakubwa. Wanaume walinipa mkono njiani. Hata baadhi ya akina mama wa kikundi walikuja kunishukuru mimi, huku mama yako akiwa jikoni anawachemshia chai. Na orodha iliyofuata ilipobandikwa, jina langu halikuwemo, na bosi wangu aliniambia ofisi inahitaji watu wakweli. Kwa hiyo ona: alisimama mama yako, nikapata sifa mimi, na sifa ile ikanilindia kazi. Nilinyamaza. Nilimnyima maneno yake mara ya kwanza kwa kuandika, mara ya pili kwa kunyamaza, na mara ya pili sikuwa hata na orodha ya kuogopa.

Sijui shuleni utakutana na mabishano gani. Nasikia huko wana midahalo, na magazeti yanafika. Utasikia watu wakigombana kama usawa ni kitu cha kigeni au cha kwetu, kama mwanamke anayefanya biashara amekombolewa au ameongezewa mzigo, kama kiti kimoja cha mwanamke kwenye kamati ni mwanzo au ni pambo. Bishana nao. Nina maoni yangu, na siku hizi hubadilika kila ninapomsikiliza mama yako. Lakini jambo ambalo nina hakika nalo nimelijua kutokea upande wa mkosaji. Sikuwahi kuamini kwamba mwanamke ni mdogo kuliko mimi. Ungeniuliza wakati wowote ningekujibu vizuri, kwa hoja. Nilimpunguza tu pale ambapo kumpunguza kulikuwa rahisi, kwa sentensi tatu, kwa lugha safi ya ofisi. Utakutana na watu wema wa namna yangu. Usituogope, lakini soma tunachoandika.

Na ukipewa sifa isiyo yako, nakuomba uikatae siku hiyo hiyo. Ukiiweka ndani inaota mizizi. Mtoto wako ataiandikia insha.

Nilipofika hapa mama yako aliingia kutoka uani, akaniuliza ninaandika nini muda wote huo. Nikamwambia. Akaketi kwenye kitanda chako, akaniambia nisome, nami nikamsomea yote kwa sauti tangu mwanzo. Alicheka kwenye habari ya mkeka. Penye mahafali aliangalia dirishani. Nilipomaliza akasema ana masahihisho.

La kwanza, nimeandika kwamba hakutetemeka. Anasema si kweli. Asubuhi ile alikwenda chooni mara nne, na Mama Zuhura alimshika mkono njia nzima. "Mwandikie," akasema. "Asije akadhani mwenye hofu si mtu wa kusimama."

La pili, anasema ile "ndiyo" yangu nisiidharau. Bila hiyo angebaki na daftari lisilo na mwenyewe. Nimelipinga hilo, yeye ameshikilia, kwa hiyo naliandika kama lilivyosemwa.

La tatu alilisema akiwa ameshasimama kwenda kupika. "Umesema mama yako, mama yako, barua nzima. Jina langu hujaliandika hata mahali pamoja."

Nimeipitia barua upya, Devota. Ni kweli. Kwa hiyo kabla sijaifunga na kuiweka juu ya nguo zako, naandika mstari ambao ulipaswa kuwa kwenye muhtasari tangu siku ile, na nauthibitisha kwa mkono wangu, mimi baba yako ninayekupenda:

Editha alipendekeza mashine iwe ya kikundi na iandikwe kwa jina la kikundi. Alikuwa anaogopa. Hakumshukuru mtu.